Mkonge, Oili Chafu na Sweta ya Gicheru

Kambu kuna joto, lakini hakuna mtoto mchanga wa Kambu anayepelekwa kanisani bila sweta. Hata siku ambayo mbuzi wanagombania kivuli cha lori, mama atamvika mtoto sweta, kofia na soksi, kisha amfunike blanketi juu. Ndivyo watu walivyozoea, na Kagure hakuwa na nia ya kuwabadilisha. Kila jioni alipotoka shuleni aliosha vikombe katika mkahawa wa mama yake, Rahab, kando ya barabara ya Mombasa. Kisha aliketi mlangoni na kufuma.

Sindano zake zilikuwa spoki za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Uzi ulikuwa mweupe na laini, kwa sababu mama yake alikuwa amefumua shali yake mwenyewe ili mtoto apate sweta. Jumapili iliyofuata, mdogo wake Gicheru angeombewa na mchungaji mbele ya kanisa zima. Kagure alikuwa ameahidi kwamba sweta ingekuwa tayari, na ahadi hiyo aliitangaza mpaka kwa madereva waliokuja kunywa chai.

Shuleni nako, darasa la saba lilikuwa na kazi ya bustani. Mwalimu Ndululu, aliyewafundisha pia kufuma, aliwafundisha kukwangua majani ya mkonge kwa panga butu, kupata katani, na kusokota kamba za kufungia nyanya. Maji ni shida Kambu, kwa hiyo kila mwanafunzi alikuja na mkebe wake kutoka nyumbani.

"Nusu ya maji ni ya mikono, nusu ni ya nyanya," mwalimu alisema. "Mikono kwanza."

Kagure alitaka nyanya zake zishinde za wote. Aliangalia huku na huko, akamwaga mkebe mzima kwenye nyanya. Mikono aliifuta kwenye sketi.

Siku iliyofuata mikono ilianza kumwasha. Vipele vidogo vyekundu vilitokea kwenye vifundo na juu hadi karibu na viwiko. Alijikuna akifuma, akajikuna akila, akajikuna mpaka katikati ya sala. Jambo lililomtia hofu zaidi ni sheria ya Mwalimu Ndululu: mwenye upele hashiki uzi wala sindano, hata nyumbani, mpaka apone, asije akaambukiza wengine. Kagure alihesabu kwamba akipona baada ya Jumapili, Gicheru ataombewa bila sweta. Basi akavuta mikono ya sweta yake ya shule mpaka ikafunika vidole, na mama yake alipomuuliza kama anasikia baridi, akajibu ndiyo. Baridi, mchana, Kambu.

Kilonzo, aliyeketi naye dawati moja, hakudanganyika.

"Wacha nione," alisema, akavuta mkono. "Huo ni upele. Mbuzi wetu walipata kama huo, mjomba akawapaka oili chafu ya lori. Wakapona kabisa."

"Kwani mimi ni mbuzi?"

"Ngozi ni ngozi," Kilonzo alisema, kwa sauti ya daktari.

Jioni hiyo alimletea oili nyeusi katika mkebe wa mafuta ya kujipaka. Kagure alijipaka nyuma ya choo, akangoja kidogo, akajifuta kwa majani. Mikono ilimchoma kama pilipili. Hata hivyo alijikaza, akarudi mlangoni, akachukua sweta. Ulikuwa umebaki mkono mmoja tu.

Mama yake alitoka jikoni akinusanusa. "Nani ameingiza lori nyumbani?"

Kagure alitazama chini, na hapo ndipo alipoona. Kifua chote cha sweta kilikuwa na alama za vidole vyeusi. Aliisugua, na alama zikapanuka. Machozi yalimtoka. Aliumia mikono, lakini shali ya mama yake ilimuuma zaidi.

"Niambie ukweli," Rahab alisema, akikunja ile mikono ya sweta ya shule. Alipoona vipele vilivyovimba, hakumgombeza. Alichukua sabuni na maji yote yaliyokuwa yamewekwa ya chai, akamwosha taratibu. Kesho yake asubuhi alifunga mkahawa, jambo ambalo halikuwa la kawaida, wakaenda zahanati.

Muuguzi, Bi. Kaluki, alitazama mikono hiyo, akatazama katikati ya vidole. "Kuna mwingine anayejikuna nyumbani?"

"Hapana," Rahab alijibu.

"Basi mimi sidhani huu ni upele. Msichana, umeshika nini wiki hii?"

"Uzi," Kagure alisema. "Na nyanya. Na mkonge."

"Mkonge. Ulinawa baada ya kuukwangua?"

"Maji nilimwagia nyanya," Kagure alisema.

Bi. Kaluki alicheka kidogo. "Maji ya jani la mkonge huwasha yakikaa kwenye ngozi. Yangeondoka kwa kunawa tu. Oili ndiyo imefanya mambo kuwa mabaya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Shukuru wewe umeumbuliwa na sweta." Alimpa dawa ya kupaka, akamkataza kufuma mpaka ngozi itulie.

Shuleni, Kagure alimweleza Mwalimu Ndululu yote bila kuongeza wala kupunguza. Kilonzo alisimama pia, akasema oili ilitoka kwake. Mwalimu aliwatazama wote wawili. "Sehemu yenye oili ifumuliwe," alisema. "Na kwa kuwa daktari wetu ana mikono mizima, atafuma yeye."

Uzi mweupe uliobaki haukutosha. Kilonzo, ambaye siku zote alisema kufuma si kazi yake, alifumua kofia ya kijani aliyokuwa ameianza. Kagure alikaa kando yake, mikono ikinuka dawa, akimwongoza. Kilonzo aliacha matundu hapa na pale, akafumua, akaanza upya. Jumamosi jioni kifua cha sweta kilikuwa na mistari ya kijani, na mkono mmoja ulizidi mwingine kidogo.

Jumapili Gicheru alibebwa mbele ya kanisa. Kabla mchungaji hajafika "Amina", Gicheru alitapika maziwa juu ya mistari yote ya kijani. Waumini waliangua kicheko. Njiani kurudi, Kagure alikuwa amenuna.

"Kazi yote ile, Mama. Imechafuka kabla ya kutoka kanisani."

"Nguo ni ya kuchafuka na kufuliwa," Rahab alisema. "Shali yangu niliitoa mwenyewe, na ningetoa nyingine. Lakini wewe ulikuwa unaumia chini ya paa langu, na mimi nakupikia chai bila kujua. Mtoto anayeumwa husema, Kagure, hata kama kosa ni lake. Sweta naweza kununua hapa Kambu. Mikono yako ningeinunua wapi?"

Kagure alinyoosha mikono, akampokea Gicheru, akambeba mpaka nyumbani.