Vazi la Sala Kwenye Chumba cha Hoteli

"Nani huyu anayekwambia nisijue?"

Ramani aliweka kikombe chini. Simu yake ilikuwa mkononi mwa Fundi, mchumba wake, katikati ya chumba cha cherehani. Ujumbe ulikuwa wazi: *Kesho asubuhi, chumba cha juu. Njoo nalo. Fundi asijue.*

"Meneja wa hoteli. Mambo ya wageni tu, mpenzi."

"Wageni gani wanaopokelewa chumbani?"

"Umeanza."

"Sijaanza. Nitaanza kesho."

Ramani alikuwa mwongoza watalii. Hakuna kichochoro cha mji asichokijua. Fundi alishona mavazi ya sikukuu ya sala ya kila mwaka, kazi aliyoachiwa na marehemu mama yake. Harusi yao ilisubiri sikukuu ipite.

Asubuhi Fundi alifungua kabati. Vazi la kiongozi wa sala, jeupe lenye pindo jekundu, halikuwepo. Akampigia Ramani simu.

"Uko wapi?"

"Sokoni, na wageni."

Nyuma ya sauti yake cherehani ilikuwa inanguruma.

Fundi alipanda ngazi za hoteli mbiombio. Nje ya mlango alisikia mwanamke akicheka:

"Yaani hata baba mkwe wako hatatofautisha!"

Akausukuma mlango. Hakukuwa na kitanda. Palikuwa na meza ndefu, Ramani, meneja, mwanamke mshonaji asiyemjua, na vazi la sala limetandazwa. Pembeni yake, vazi pacha, nusu tayari.

"Afadhali ningekufumania," Fundi alisema.

"Nisikilize kwanza," Ramani alisema. "Mwaka jana watalii waliingia na kamera mpaka kwenye sala. Baba yako alilia. Nikaona tuwape maonyesho hapa kila Jumamosi, sala yenyewe ibaki yenu."

"Watu waigize kusali kila Jumamosi?"

"Ni burudani tu, dada," meneja aliingilia.

"Umemsikia? Burudani! Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Kumbe jibu ulikuwa nalo." Fundi alilikunja vazi na kulikumbatia. "Kamwambie baba kwa mdomo wako. Ya harusi tutaongea baadaye."

Jioni, Fundi akiwa pembeni, Ramani alikaa mbele ya mzee, baba yake Fundi na mtunzaji wa nyumba ya ibada, akasema yote. Mzee alisogeza chai pembeni.

"Wageni siwachukii, mwanangu. Ninachokataa ni mtu kunichungulia nikilia mbele ya Mungu."

"Waje kwangu basi, baba," Fundi alisema. "Waone tunavyoshona, washike sindano. Ngoma za uwanjani wazione. Mlango wa sala ukifungwa, umefungwa."

"Nani atawazuia?"

"Mimi," Ramani alijibu. "Nitakaa nje."

"Utaikosa sala."

"Nitaikosa, baba."

Fundi alimtazama kwa jicho la pembeni. Maneno matamu hayakuwahi kumpa shida mtu huyu.

Siku ya sikukuu ilipofika, mwili wa Fundi ulikuwa ndani, masikio yalikuwa mlangoni. Katikati ya sala akasikia:

"Picha moja tu, kaka. Tutaelewana."

Fundi alifumba macho. Sasa ndiyo ananiuza, akawaza.

"Mungu anaweza kunisamehe, bosi," sauti ya Ramani ilisikika. "Lakini kuna mwanamke humo ndani, huyo hasamehi."

Sala ilipokwisha, Fundi alimkuta ameugeuzia mlango mgongo, jasho likimtiririka, ameshika kikapu kilichojaa simu za watalii.

"Ulikuwa unanichunguza?"

"Mwanzo mpaka amina."

"Ukaona nini?"

Fundi alimnyoosha ukosi wa shati, kisha akampima mabega kwa viganja vyake, taratibu, mbele ya watu.

"Kesho njoo nikukatie suti ya harusi."