Uvimbe Usiouma

Zamani, watoto walipokuwa wadogo, Bawabu ndiye aliyewasindikiza shule. Alikuwa mbwa mwenye heshima zake. Akishawafikisha getini anageuka, anarudi kulala chini ya cherehani ya mama yao. Sasa watoto wana nyumba zao, na mama fundi anazikumbuka mno zile kelele za asubuhi.

Bawabu alipovimba chini ya taya, mama fundi alidhani ukanda wa shingoni unambana. Akaulegeza. Baada ya wiki mbili akaulegeza tena. Fundi nguo bwana, kila tatizo kwake ni kushona na kufumua!

Mwishowe akamwita bwana mifugo. Mtaalamu huyo akampapasa Bawabu chini ya taya, mbele ya mabega, nyuma ya magoti. Kote kulikuwa na uvimbe mgumu, na mbwa wala hakushtuka. Akamtoa majimaji kwa sindano, akayapeleka maabara. Majibu yalikuwa limfoma, yaani saratani ya matezi, yale yanayosaidia mwili kupigana na magonjwa.

Mama fundi akauliza kama watu wa nyumbani wataambukizwa.

"Haiambukizi, mama," bwana mifugo akasema. "Lakini binadamu naye huipata, na mara nyingi huanza hivihivi. Uvimbe usiouma shingoni, kwapani au kinenani. Mtu anakonda, homa haziishi, usiku analowa jasho. Si kila uvimbe ni saratani, ila usipoisha kwa wiki mbili, upimwe. Mbwa tunamwongezea muda tu. Binadamu wengi hupona, hasa wakiwahi."

Mama fundi akamkumbuka mumewe. Mwezi uliopita mumewe alimpa mashati aongeze kola, na suruali apunguze kiuno. Akaongeza, akapunguza, akamtania kwamba uzee unamnenepesha shingo.

"Haviumi hivi vivimbe, mke wangu," mumewe akasema jioni ile.

"Ndiyo maana kesho tunakwenda hospitali."

Huko madaktari walikata kipande cha uvimbe, wakakipima. Ilikuwa limfoma. Alitibiwa miezi sita, nywele zikampukutika, chakula kikamshinda. Kisha uvimbe ukayeyuka, na vipimo vikaonyesha mwili umesafika.

Dawa zilimpa Bawabu karibu mwaka mmoja. Alipokufa, mume alikataa kusaidiwa, akachimba kaburi mwenyewe nyuma ya nyumba. Mama fundi alisimama kando akimlilia mbwa wao, huku akimshukuru Mungu kwa kila koleo la udongo ambalo mumewe alilinyanyua.