Shule ya Zamu na Cherehani Iliyonyamaza

Wazazi, majirani, na ninyi nyote mliojifunza kusoma juzijuzi, kaeni vizuri. Hapa inaanza historia tukufu ya Shule ya Watoto Wadogo ya Ushirika wa Wazazi, shule iliyotikisa mtaa mzima.

Ilianza na mtoto aliyefungwa kwenye mguu wa meza.

Naam, amefungwa. Kwa kipande cha kitambaa, kama mbuzi.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Walikaa chumba kimoja, na cherehani ilikuwa dirishani. Kando yake kulikuwa na pasi ya mkaa, makasi na bakuli la pini. Nje, malori yalipita. Mtoto alikuwa na miaka minne, na alipenda sana pasi, makasi, pini na malori. Sasa mama angefanya nini? Alimfunga, akambusu, akaanza kushona.

Mtoto huyo aliitwa Kifungo, kwa sababu aliwahi kumeza kimoja.

Baba alifanya kazi mbali. Alikuja mara mojamoja, akaondoka kabla mtoto hajamzoea. Kwa hiyo kutwa nzima mama aliongea na Kifungo tu.

"Nipe chaki, baba."

Kifungo alimpa.

"Leo tunashona gauni la nani?"

"La mama mnene."

"Shii! Akisikia hatarudi tena."

Wateja walikuja, wakapimwa, wakaenda zao. Hakuna aliyekaa.

Siku moja jirani alifuata sketi yake. Jirani huyo alikuwa amesomea ualimu wa watoto wadogo. Aliona kitambaa mguuni mwa mtoto.

"Haa! Dada, huyu amekosa nini?"

Mama aliona haya. "Hajakosa kitu. Naogopa ataungua."

"Ni kweli, anaweza kuungua. Lakini mtoto akifungwa kutwa hakui vizuri. Anahitaji kukimbia, kucheza na kuongea na wenzake. Hapo ndipo anapojifunza."

"Wenzake wako wapi?"

"Nyuma ya milango, kama yeye. Seremala anamfungia wake stoo. Fundi baiskeli ana pacha, wanashinda ndani ya matairi. Tuwakusanye. Mimi nitafundisha, na ninyi wazazi mtashika zamu. Kila siku wazazi wawili wanabaki nami. Siku ambazo si zako, unashona bila wasiwasi."

"Mimi sijasomea ualimu, dada."

"Sihitaji ualimu wako. Nahitaji macho yako na mikono yako."

Wazazi walikutana, wakakubaliana. Seremala alitoa stoo yake. Ilikuwa ng'ambo ya barabara, ikitazamana na dirisha la fundi cherehani. Waliondoa misumari yote na kupaka chokaa. Waliweka ndoo ya maji na sabuni karibu na mlango, watoto wanawe mikono kabla ya kula. Komeo walilipigilia juu, mkono wa mtoto usifike. Siku ya ufunguzi seremala alitoa hotuba. Pacha walisinzia, na mtoto wake mwenyewe akajikojolea. Historia inasema hotuba ilikuwa nzuri.

Kisha mtaa ukafanya kosa.

Zamu ya Mama Kifungo ilipofika, aliogopa. Alizoea kuongea na mtoto na cherehani. Kushinda na watu wazima, atawaambia nini? Basi akashona aproni za watoto wote, akampelekea mwalimu.

"Dada, hizi ndizo zamu yangu."

Mwalimu alifurahi, akapokea. Seremala kuona vile, naye akaleta viti. Fundi baiskeli akaleta matairi ya kuchezea. Mwingine vikombe, mwingine mikeka. Kila mzazi alileta kitu badala ya kuja mwenyewe. Shule ikajaa mali. Ilikosa watu wazima tu. Mwalimu alibaki peke yake, huku anafuta pua, huku anaamua ngumi.

Na Mama Kifungo? Alishona bila wasiwasi, kama alivyoahidiwa. Kile kitambaa bado kilikuwa kwenye mguu wa meza, hakina mtu. Asubuhi moja alinyoosha mkono bila kutazama.

"Nipe chaki, baba."

Mkono ulibaki hewani. Aliurudisha polepole mapajani. Akaacha kukanyaga cherehani, akakaa tu, anatazama ukuta.

Mara breki za lori zikalia nje. Dereva akatukana. Mama aliruka, akamkuta Kifungo amesimama mlangoni, mzima, aproni ameigeuza mgongoni.

"Nimekuja," alisema.

Mama alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika. "Mama, unaniumiza."

Mwalimu alifika anahema. Nyuma yake walikuja watoto wote, wameshikana aproni, maana hakuwa na mtu wa kumwachia.

"Amepanda kiti cha seremala, akafungua komeo la seremala!" alisema. "Dada, aproni zako ni nzuri. Lakini aproni haiwezi kumkimbilia mtoto barabarani. Watu wasipokuja, kesho nafunga shule."

"Sijui kuongea na watu," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Nani kakwambia uongee? Njoo ukae."

Kesho yake alikwenda. Mwenzake wa zamu alikuwa fundi baiskeli, aliyefiwa na mke, mtu mkimya kuliko ukuta. Walikaa kwenye vile viti vidogo, magoti karibu na masikio. Walihesabu watoto, wakanawisha mikono, wakaamua ugomvi wa tairi.

Kisha kitu kikalia, kriii.

"Shemeji, kiti chako kinavunjika," mama alisema.

"Si kiti. Ni goti."

Mama alicheka. Hakukumbuka mara ya mwisho kucheka na mtu mzima. Baadaye fundi baiskeli akamwambia jinsi nyumba yake inavyokuwa kimya pacha wakilala. Mama akamwambia habari za mkono uliobaki hewani.

"Kumbe na wewe?" fundi baiskeli alisema.

"Na mimi."

Tangu hapo wazazi waliweka sharti: zawadi zinapokelewa, lakini zamu hailipwi kwa kitu. Anayebanwa na kazi abadilishane na mwenzake. Viti hukaa mbali na mlango. Shule ikasimama, na ipo mpaka leo. Kile kitambaa mama alikishona kikawa mfuko wa chaki. Siku zisizo zake chumba bado kilikuwa kimya, lakini wateja wengine walianza kukaa.

Hapa msomaji makini ananyoosha kidole. Mwandishi amejuaje maneno ya chumba kile, wakati walikuwamo mama na mtoto tu?

Haya, mmenikamata. Kifungo ni mimi. Ya mkono alinisimulia mama. Nami kuna jambo sijamsimulia. Mtaa mzima ulisema nilifuata malori, naye anaamini hivyo. Si kweli. Pale shuleni nilikuwa nasikia cherehani yake kutoka ng'ambo, na ikilia nilicheza. Asubuhi ile ilinyamaza. Nilingoja ianze tena. Haikuanza.

Nikapanda kiti.