Mzimu Usiofanya Kazi Jumapili

Siew Peng hakuogopa mizimu. Aliogopa kuchelewa.

Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, nyumba yao ya Penang ilijaa mvuke. Mama mkwe wake, Gaik Choo, alikuwa mezani akikunja chai kuih, vile vifuko vyeupe vya unga wa mchele vyenye mboga ndani. Mtaa mzima hakuna aliyekunja kama yeye. Siew Peng alivipika kwa mvuke na kuvipanga kwenye masanduku. Boon Keat, mume wake, alionja. Alisema kuonja nako ni kazi.

Saa mbili kamili Siew Peng alikuwa ameshafika kwenye geti la viwanda vya Bayan Lepas kuuza. Zamani alikwenda kwa pikipiki. Kisha siku moja ya mvua akateleza kwenye kona. Mkono ulivunjika. Chai kuih zilisambaa barabarani, na mbwa wa eneo lile wakala vizuri kuliko siku zote za maisha yao.

Mkono ulipopona, alinunua gari lililotumika. Alilinunua mwezi wa saba wa Kichina, mwezi ambao wafu hutoka kutembea. Mwezi huo watu hawaoi, hawahami, wala hawanunui gari.

"Umenunua gari mwezi huu?" Gaik Choo aliuliza.

"Mama, mwezi huu ndio bei imeshuka."

"Hata jeneza likishuka bei utanunua?"

 Siew Peng alikuwa na masanduku ya kupakia.

Kesho yake, saa moja na dakika kumi, gari lilikuwa uani, limefungwa. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari jikoni. Ghafla injini ikawaka yenyewe. Kiyoyozi kikaanza kuvuma. Gaik Choo aliangusha kifuko alichokuwa akikunja. Hakuwahi kuangusha hata kimoja tangu aolewe.

Siku hiyo hiyo saa tatu, pale getini, honi ililia mara tatu bila mtu ndani. Taa zikawaka na kuzimika. Wateja waliruka. Mlinzi alijimwagia kahawa. Siku ya tatu milango nayo ikajifungua, *klak*, masanduku yote yakiwa ndani na Siew Peng yuko mbali akitafuta chenji.

Siku ya sita Gaik Choo alinawa mikono na kuikausha polepole.

"Jumamosi gari hili liondoke," alisema. "Mpaka liondoke, vidole hivi havikunji kitu. Mimi sipiki chakula cha kubebwa na marehemu."

Boon Keat alimpigia dalali aliyewauzia gari. Dalali akakubali kulichukua Jumamosi mchana, kwa bei ya kuumiza moyo. Siew Peng alitazama pembeni ya ua. Pikipiki ilikuwa pale chini ya turubai, ikimsubiri. Mkono wake ukaanza kuuma.

Kila mtu alijaribu dawa yake. Boon Keat alileta kidude kutoka soko la jioni. Muuzaji alimwambia kinafukuza mizimu na pia kinapunguza matumizi ya petroli. Alikichomeka kwenye tundu lililo chini ya usukani. Kidude kiliwaka taa ya bluu, basi.

Gaik Choo alikwenda kwenye duka la vitu vya karatasi vinavyochomwa ili viwafikie wafu. Aliagiza gari la karatasi, jeupe kama lile la uani, lenye magurudumu manne na dereva wa karatasi.

"Apewe lake," alisema, "aache letu."

Jumatano, karibu saa tatu asubuhi, alilichoma mbele ya nyumba. Moto uliposhika paa la karatasi, gari la kweli likapiga honi mara tatu.

"Amepokea," Gaik Choo alisema, akainama kwa heshima.

Alhamisi, saa moja na dakika kumi, kiyoyozi kikavuma tena.

"Labda hakupenda rangi," Gaik Choo alisema.

"Labda la karatasi halina kiyoyozi," Boon Keat alisema.

Upande wa pili wa uzio, jirani yao Thenmozhi alikuwa akianika nguo. Alifanya kazi katika kimoja cha viwanda vile vile, kitengo cha kupima chipu za magari. Wiki ile alikuwa zamu ya mapumziko.

"Shangazi," alimwita Gaik Choo, "huyo marehemu huja saa ngapi?"

"Saa moja na dakika kumi. Halafu saa tatu."

"Kila siku?"

"Kila siku. Jumapili hapana."

Thenmozhi aliweka kibanio cha nguo mdomoni, akafikiri, akakitoa.

"Mzimu gani una ratiba na mapumziko ya Jumapili? Huyo ana saa ukutani. Siew Peng, nifungulie hilo gari."

Aliketi kwenye kiti cha dereva, akabonyeza skrini mara tatu nne. Jina likatokea: *Mmiliki: Foong Wai Meng.*

"Huyu nani?"

"Simjui," Siew Peng alisema.

"Gari linamjua. Ninyi ndio lisiowajua."

Thenmozhi alinyoosha kidole kidogo. "Ndani ya gari hili kuna mamia ya chipu. Ni vipande vya silikoni. Nyingi ni ndogo kuliko ukucha huu. Moja inaangalia breki, nyingine taa, nyingine inaongea na mtandao kama simu. Kazini tunazichoma kwa joto na kuzigandisha kwa baridi. Ikishindwa moja tu, tunaitupa. Sasa, iko chipu ambayo kazi yake ni kutunza siri. Mtu akituma amri kwa simu, washa kiyoyozi, fungua mlango, chipu inamwuliza: wewe ni nani, nionyeshe alama yako. Alama ikilingana na siri, gari linatii. Isipolingana, hata ulie machozi, halikusikii."

"Basi imeharibika," Boon Keat alisema.

"Ni nzima kuliko wewe. Inamtii bwana wake. Mlinunua bati na viti. Utii hamkuuhamisha."

Gaik Choo alikuwa amesimama mbali, mikono nyuma. "Kwa hiyo gari linatuona sisi wezi?"

"Linawaona wageni, Shangazi. Wageni wenye funguo."

"Maneno. Mizimu nayo ina majina. Huyo Foong amekufa."

"Tupime, basi," Thenmozhi alisema. "Amri zinakuja kwa mtandao. Tuliingize gari chini ya ardhi, mahali simu hazishiki. Saa tatu ikipita kimya, ni mtandao. Kama ni mzimu, chini ya ardhi ndiko kwao. Atapiga honi kwa furaha."

 Gaik Choo alikataa kupanda. Siew Peng aliendesha gari akiwa na Thenmozhi. Nyuma yao Boon Keat alifuata kwa pikipiki, na mama yake amekaa nyuma, kofia ya pikipiki kichwani, kijiti cha udi mkononi kikifuka moshi.

Walishuka hadi maegesho ya chini kabisa ya jengo la maduka. Walitazama simu zao. Hakuna mtandao. Saa tatu ikafika. Saa tatu na dakika tano. Gari lilikaa kimya kama gari.

"Hm," Gaik Choo alisema.

Wakapanda juu, kwenye jua. Hawajasimama vizuri, honi ikalia mara tatu, na milango ikafunguka, *klak*.

Siew Peng alivuta kitabu cha matengenezo kutoka kwenye kisanduku cha gari. Jina lilikuwa pale, Foong Wai Meng, wa mji wa Ipoh, na namba ya simu. Alipiga, akaweka sauti ya juu. Kabla hajafungua mdomo, Gaik Choo alimpokonya simu.

"Bwana Foong," alisema kwa sauti ya ibada. "Ulikufa lini?"

Upande wa pili zilisikika kelele za watu.

"Bado, Shangazi," sauti ya mzee ilijibu. "Niko sokoni. Nani wewe?"

"Uko soko gani?"

"Ipoh. Natafuta gari langu. Nimenunua jipya, aina ile ile ya zamani, lakini hili ni kiziwi. Kila nikitoka sokoni nalipigia honi kwa simu nijue liko wapi. Halilii. Nabonyeza kufungua milango. Halifunguki. Asubuhi naliwashia kiyoyozi kabla ya mazoezi ya bustanini, nikiingia ni tanuri. Ni hivyo kila siku, isipokuwa Jumapili ninapobaki nyumbani. Nimelipeleka gereji mara tatu. Fundi sasa ananiona nina wazimu."

Gari la Penang likapiga honi.

"Umebonyeza sasa hivi?" Siew Peng aliuliza.

"Nimebonyeza."

"Limelia huku."

"Simu inaonyesha magari mawili," mzee alisema taratibu. "Nilidhani imeandika mara mbili. Ramani nayo ilisema gari liko Penang, nikajua ramani ni mbovu. Jumapili na jana ilisema liko Balik Pulau, kwenye vibanda vya matunda ya durian, saa nzima."

Siew Peng akamgeukia mume wake. Daktari alikuwa amemkataza durian. Jumapili na jana Boon Keat alikuwa amechukua gari akisema anakwenda kupima upepo wa matairi.

"Matairi yanajazwa upepo Balik Pulau siku hizi?" aliuliza.

Boon Keat alianza kuchunguza pikipiki.

"Mmeona?" Thenmozhi alisema. "Huyu ni mzee wa watu, anatafuta gari lake. Angekuwa mwizi, angejua gari liko wapi, lini halina mtu, na angefungua mlango akiwa kitandani. Bwana Foong, usikate simu. Leo tunaachana vizuri."

Walirudi nyumbani, mzee bado yuko kwenye simu, mjukuu wake akimsaidia upande wa pili. Mzee alilitoa gari la zamani kwenye simu yake na kuthibitisha. Uani, Thenmozhi alimwonyesha Siew Peng namna ya kufuta kila kitu kwenye skrini: jina la mmiliki, simu zilizounganishwa, hata njia za nyumbani kwa Foong. Kisha wakaenda kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari wakiwa na kadi ya umiliki na kitambulisho. Pale Siew Peng akaandikishwa upya kwa nywila yake mwenyewe, na chipu ikapewa siri mpya.

"Nywila usiandike kwenye sanduku la chai kuih," Thenmozhi alimwambia, maana alimwona ameshika kalamu.

Gari liliomba pia kuongezewa programu mpya. Boon Keat alitaka kukataa. Alisema gari limekwisha kusumbua vya kutosha.

"Kubali," Thenmozhi alisema. "Zinaziba matundu ambayo wezi wameyagundua. Zinakuja na sahihi ya kampuni, na chipu huikagua kabla ya kupokea. Ila egesha kwanza, usikubali ukiwa barabarani. Na hiki nini?"

Alichomoa kile kidude chenye taa ya bluu.

"Kinafukuza mizimu," Boon Keat alisema kwa sauti ndogo.

"Tundu hili linaingia moja kwa moja kwenye mishipa ya gari. Chipu inalinda mlango wa mbele, wewe unamkabidhi mpita njia ufunguo wa mlango wa jikoni."

Ijumaa, saa moja na dakika kumi, wote wanne walisimama uani. Ikafika na robo. Kimya. Gaik Choo alirudi ndani, akanawa mikono, akakaa mezani. Vidole vikaanza kukunja.

Jumamosi mchana dalali alikuja kuchukua gari. Alimkuta Gaik Choo kwenye kiti cha mbele, mlango umefungwa, kiyoyozi kinavuma, anakula karanga.

"Shangazi, shuka nichukue gari."

Gaik Choo alishusha kioo kidogo. "Ufunguo wa pili uko wapi?"

"Ufunguo gani?"

"Gari huuzwa na funguo mbili. Tulipewa mmoja. Nao una chipu ndani, jirani amenieleza. Anayekaa nao anaendesha gari letu."

Dalali alijikuna shingo. "Upo dukani. Kwenye droo."

"Kaulete. Gari haliuzwi."

Akapandisha kioo.

Dalali aliuleta. Pikipiki ndiyo iliyouzwa, pamoja na turubai lake.

Mwezi wa nane ulipofika, kifurushi kilikuja kutoka Ipoh. Ndani mlikuwa na mabalungi manne makubwa na karatasi fupi: *Gari langu sasa linasikia. Fundi ameniomba radhi. Foong.*

Gaik Choo aliyapanga mabalungi mezani. "Marehemu anawasalimu," aliwaambia.

Asubuhi iliyofuata Siew Peng alikuwa bado anafunga masanduku, saa moja na dakika kumi, injini ilipowaka yenyewe uani. Kiyoyozi kikavuma. Honi ikalia mara tatu. Siew Peng alikurupuka, akageuka.

Gaik Choo alikuwa mezani, unga hadi viwikoni, simu mbele yake. Alikuwa ameandikishwa mtumiaji wa pili, kwa nywila yake mwenyewe, ambayo hakumwambia hata mwanawe.

"Unachelewa," alisema.