Nafasi Mbili za Kwenda Atafu

Jumamosi asubuhi soko la Waitangirua hujaa hata pa kukanyaga hupati, na upepo wa mji wa Porirua hauna adabu. Selepa alikuwa ametoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kofia nyekundu ya sufu ameivuta mpaka kwenye nyusi. Akakuta mfuko wa mwisho wa magimbi umeshachukuliwa na kijana mrefu aliyevaa kaptura katika baridi ile. Akasonya, akanong'ona neno.

"Wewe ni wa Atafu," kijana akamwambia. "Tusi hilo alikuwa nalo mama yangu tu."

"Sijakutukana."

"Basi umeniombea dua kwa hasira." Akamwekea mfuko mkononi. "Chukua, dada. Mimi nitakula wali."

Ndivyo Esera alivyokuwa. Kitu hakikukaa mkononi mwake akiona kuna anayekihitaji, na Selepa, aliyezoea kuwalisha wazee wasiotembelewa na watoto wao, alimpenda kwa hilo kabla hajalijua jina lake.

Esera alizaliwa Porirua. Atafu, kisiwa cha wazazi wake, hakuwahi kukitia machoni, lakini alikililia kama mtoto aliyeachishwa ziwa mapema. Alikuwa fundi wa mapaa, na akiwa huko juu humpigia Selepa simu.

"Laazizi, nyumbani ni upande gani?"

"Geuka kushoto."

"Naona duka la matairi."

"Lipite, uende mpaka nchi iishe. Na ushike paa vizuri. Sitaki ujane, hata ndoa sijaiona."

Waligombana kwa jambo moja tu: waende lini. Esera alitaka Krismasi, kwenye kriketi na ngoma na jamaa wote. Selepa alisema Krismasi bahari ina hasira na meli hujaa. Na Atafu ndege haitui, ukikosa meli ya kutoka bandari ya Apia umekosa. Tena Bibi Vaelua, aliyemlea kule Atafu tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, alikuwa anadhoofika. Kwenye simu sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Watu watakwambia njoo msimu wa samaki," alisema Bibi. "Mimi nakwambia njoo nikiwepo."

Ikawa Julai. Baraza la wazee wa Atafu likaridhia, na majina yao yakaandikwa kwenye orodha ya meli.

Wakaruka kwa ndege mpaka Apia. Asubuhi ya kupanda meli, Selepa aliingia sokoni kumnunulia Bibi vitunguu na kandambili laini. Esera akatangulia bandarini na karatasi zao. Alirudi anapiga mbinja, mikono mitupu.

Alimweleza yote kwa furaha. Amemkuta Mzee Iosua wa Atafu, ametoka hospitali baada ya miezi mitatu, yuko na mkewe, na meli imejaa. Mzee alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, analia bila sauti. Meli nyingine ni baada ya wiki mbili.

"Nimewapa nafasi zetu," Esera alisema.

"Zetu?"

"Mzee wa watu, Selepa. Ungemwona."

Selepa alikimbilia barabarani. Aliita teksi. Alipofika gatini kamba zilikuwa zinafunguliwa, na mke wa Mzee Iosua, mwanamke mdogo aliyevaa gauni jeupe, akamwona kutoka juu. Akampungia kwa mikono miwili, akimbariki kwa sauti. Kwao samaki wakiletwa pwani hugawiwa sawasawa kwa kila nyumba, hata ya mjane asiye na mvuvi. Mtu aliyelelewa hivyo angepiga kelele gani? Selepa naye akampungia.

Siku ya tisa mama mdogo wake alipiga simu. Bibi Vaelua amefariki, anazikwa kesho. Joto la kule halingojei mtu.

Selepa alitaka kujua kila kitu, na mama mdogo, kwa upole, hakumficha. Siku meli ilipofika, Bibi aliomba kupakwa mafuta nywele, akavishwa gauni la Jumapili, wakambeba kwenye kiti mpaka pwani. Mashua ya kushushia abiria wa meli ikaja, akashuka Mzee Iosua. Bibi akamsalimu, akamshukuru Mungu kwa kumrudisha. Kisha akaagiza chakula alichomwekea mjukuu wake kipelekwe kwa Mzee, maana ametoka mbali na ni mgonjwa.

Meli ya pili iliwafikisha kwenye kaburi lenye kokoto nyeupe za matumbawe. Esera alilia pale kama aliyefiwa na bibi yake wa kumzaa. Kijiji kikampenda. Mzee Iosua alisimama mbele ya watu wote akamwita mwanangu. Kila mlango aliopita aliitwa kula, naye alikuwa mwenye furaha na mwenye aibu kwa pamoja. Katika kisiwa kizima mwenye uchungu alikuwa mmoja, na hakuwa na wa kumshtaki.

Huko Atafu, nyumba ni ya binti, na mume humfuata mke. Nyumba ya Bibi sasa ilikuwa ya Selepa. Esera alikuja akakaa kizingitini.

"Nioe hapa hapa," alisema. "Nibaki. Nilitoa kwa wema, unajua."

"Najua."

"Basi kosa langu ni nini?"

Selepa aliendelea kukunja mikeka ya marehemu. "Ungeniuliza, labda mwenyewe ningempa Mzee nafasi yangu. Labda ningekataa nikaja kumwona Bibi. Sasa sitajua kamwe mimi ni mtu gani. Hilo nalo ulilitoa, Esera."

Esera akainuka kizingitini, akaenda kuandikisha jina lake kwenye orodha ya meli. Meli iliporudi, wanawake walimvika Esera mashada ya maua mpaka kidevuni. Selepa naye alishuka pwani, maana hakutaka watu waone mgeni anaondoka bila mtu wa kumsindikiza.

"Nije lini?" Esera alimuuliza.

Alilitafuta jibu la upole, akapata mengi, na yote yalikuwa ya uongo. Akamkazia mkanda wa koti la kuokolea maisha, akamwambia akae katikati ya mashua, pale maji hayarukii sana.