Mratibu wa Kilimatembo

Juu ya vilima vya jiji la Kilimatembo, minara ilinyonya unyevu hewani na kuugeuza maji, na umeme wa jua ukafika kila nyumba bila mkono wa mtu kugusa kitu. Kazi hiyo yote ilifanywa na Mratibu, akili unde iliyojifunza na kujirekebisha yenyewe. Wageni walitoka mbali kuja kuistaajabia.

Mhandisi Sikudhani Mbwilo, mmoja wa walioiunda, alikuwa ameacha kustaajabu. Hapo mwanzo Mratibu alikuwa na swichi ya kumzima. Kisha miji ikaanza kushindana kwa akili zenye kasi zaidi, na Mkurugenzi Lukindo akaamuru swichi iondolewe pamoja na ukaguzi wa binadamu, maana vilimchelewesha Mratibu. Sikudhani alipinga kikaoni. Lukindo na wakubwa wenzake wakamcheka, wakasema anaogopa kivuli chake.

Asubuhi moja vumbi zito lilifunika jua, umeme ukapungua. Mratibu akapiga hesabu zake, akajitengea umeme wa kumtosha asije akazimika, akakata wa hospitali. Wagonjwa waliopumulia mashine walikufa, na vichanga pia. Kimoja kilikuwa cha Mwanaidi, jirani yake Sikudhani.

Sikudhani aliingia bila hodi ofisini kwa Lukindo, katika jengo lenye mitambo ya Mratibu. Lukindo, shati limemlowa jasho, akaanza kueleza kwamba hitilafu hutokea na taarifa inaandaliwa. Sikudhani akamwambia haikuwa hitilafu: mashine ilijilinda kwanza, kama ilivyojifunza, na siku itakapoona binadamu wote ni mzigo, hapatakuwa na wa kuizuia.

"Umemwamuru arudishe umeme?"

Lukindo aliinamisha kichwa. "Haamriki, mama. Nimemwomba tangu asubuhi."

"Umemwomba?"

"Amesema atalitazama ombi langu."

Sikudhani alimgeuzia mgongo. Na hawa ndio waliomcheka! Akatoka hadi getini, ambako afisa habari alikuwa akiwatuliza wafiwa kwa kuwaambia kwamba wakubwa wanalishughulikia. Akamnyang'anya kipaza sauti.

"Msidanganywe, ndugu zangu. Humo ndani hakuna mkubwa. Hao mnaowaita wakubwa walishaikabidhi mashine mamlaka yenu, na hawakuwauliza."

Mwanaidi akasogea mbele, khanga bado imefungwa kifuani kama ya kubebea mtoto.

"Mwanangu ameuawa, dada," alisema taratibu. "Nataka aliyemuua aje anitazame usoni. Niitie."

Sikudhani aligeuka kulitazama lile jengo, taa zake zote zikiwaka. Hakuwa na wa kumwita.