Kiti Kimepona

Walikutana kwenye foleni ya fomu za chuo cha ufundi, watu mia mbili wakigombea dirisha moja, na historia itakumbuka kwamba aliyemkanyaga mwenzake ni mvulana.

"Kaka, huo ni mguu wangu, si zulia."

"Samahani, dada. Ila ni mguu mzuri."

Binti alivaa ovaroli ya mjomba wake, fundi magari, imekunjwa miguuni mara nne. Mvulana alivaa shati alilojishonea kwa mabaki ya vitambaa vya mama yake, mshonaji wa sare za shule. Kola ilikuwa imenyooka kuliko maisha yake.

Mfadhili alilipia kozi moja tu kwa kila kijana wa mtaa wao wa mabati, hakuna kurudia. Baada ya wiki mbili za kupigiana simu, mvulana akajaza kama binti: Ufundi Magari. Ushonaji ulifundishwa tawi la pili, ng'ambo ya jiji, ambako wanafunzi hulala hukohuko, naye hakuwa tayari kumwona kipenzi chake Jumapili tu.

Siku ya majaribio aliambiwa afungue tairi. Nusu saa baadaye mwalimu alimkuta ndani ya gari, ameshika sindano.

"Tairi je?"

"Bado, mwalimu. Ila kiti kilikuwa kimechanika. Sasa kimepona."

Kila mtu alicheka, binti akiongoza. "Nenda kashone, bwana! Huku unatafuta nini?"

Mvulana akaondoka bila kuaga. Kwa siku tatu simu yake iliita bila kupokelewa. Siku ya nne akapokea, ni binti.

"Umenifukuza mbele za watu."

"Nimekufukuza kwenye grisi, mjinga wangu. Kwangu sijakufukuza."

"Tawi la pili ni mbali."

"Najua. Juzi nimelia, mjomba akadhani ni moshi."

"Na ukipata fundi mwenzako?"

"Wote wananuka dizeli kama mimi! Sikiliza, mwisho wa kubadilisha fomu ni kesho saa sita. Ukijifunza usichokipenda kwa ajili yangu, mwaka hautaisha hujanichukia."

Kesho yake, saa sita kasoro dakika tano, mvulana alifuta Ufundi Magari, akaandika Ushonaji. Kisha akaenda gereji ya mjomba kumwambia binti.

"Jumapili saa ngapi?" binti akauliza.

"Asubuhi. Kabla hata hujaamka."

Wakaagana kwa kupeana mikono kama mabalozi, maana mjomba alikuwa anatazama. Mikono ikakataa kuachiana. Mjomba, mtu wa heshima zake, akakumbuka ana jambo la kukagua chini ya gari.